Ndege Zilizobaki Kwenye Maboksi

Wiki iliyopita niliyashusha kabatini maboksi ya ndege za plastiki za kuunganisha alizoacha marehemu baba, nizimalize moja moja. Yeye alifungua boksi moja tu, mchana mmoja wa ukungu hapa Lushoto. Alitandaza vipande mkekani, gundi ikanuka hadi jikoni. Vidole vyake vilitetemeka, bawa likamponyoka.

“Baba, unasikia baridi?”

“Eeh, mwanangu. Baridi.”

Nikamletea jiko la mkaa, nikalisogeza karibu kabisa. Bawa likajikunja kama jani la mgomba motoni. Hakunigombeza, alifunika boksi, asifungue jingine tena. Miaka yote nikaamini nilimharibia.

Jana nilifungua la pili, nimekaa uani. Vidole vyangu navyo vikatetemeka, bawa likaniponyoka mara tatu. Jua lilikuwa kali.