Katuni ya Vita kwenye Banda la Bunda

Nilianza kuitazama ile katuni kwa sababu ya mapazia. Mitumba ilikuwa imeingia Bunda na kutumaliza sisi mafundi cherehani. Mtu aliyejiokotea gauni la Ulaya mnadani hana haja ya kuja kwangu kupimwa kiuno. Basi mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu karibu na stendi aliponiambia anafungua banda la video, na anataka mapazia meusi ya kuzuia mwanga wa mchana, niliona Mungu amenikumbuka. Nilikuwa nimeolewa Nyasura, hapo hapo Bunda, nina cherehani ya miguu na ulimi mkali, na vyote viwili vilikuwa vimekosa kazi.

Siku niliyokwenda kupima madirisha, mwenye banda alikuwa anajaribu deki yake mpya. Jenereta inanguruma nje, yeye amechuchumaa ndani mbele ya rundo la kanda alizoletewa na ndugu yake kutoka Uarabuni. Ikatokea katuni. Nikasema moyoni, mtu mzima na ndevu zake anatazama michoro ya watoto. Kisha nikaona meli za chuma zinapita kati ya nyota, na ndani yake vijana wameketi kwenye mabenchi, wamepakata kofia zao, hakuna anayeongea. Niliyajua yale mabenchi. Niliwahi kuyaona kwenye lori la jeshi, Musoma, siku kaka yangu alipoondoka. Nikaketi.

Mapazia yale yalichukua muda mrefu kuliko yalivyostahili. Kila alasiri nilipata sababu: mara pindo limekwenda upande, mara fimbo ya dirisha ni fupi. Katuni ilihusu sayari mbili zilizokuwa ndugu zamani, sasa zinapigana, na vijana wanaingia vifuani mwa mitambo mikubwa yenye umbo la mtu kwenda kuuana huko gizani. Maneno yote yalikuwa ya Kiarabu. Mwenye banda alikuwa na Kiarabu cha chuoni, cha Kurani, kwa hiyo alitafsiri alichokijua: mbingu, ardhi, moto, subira. "Huyu anasema ole wao waliodhulumu," ananiambia, na mimi naona kabisa kijana anaomba maji.

Siku moja alinionyesha mwaka ulioandikwa kwenye ganda la kanda. "Hii ya zamani sana, dada. Wameichora vita yetu ikiwa bado."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Maana yake kaka yangu alipokuwa angali anachunga mbuzi za baba, mahali fulani mtu asiyetujua alikuwa ameinamia meza anamchora.

Kaka ndiye alikuwa kifungua mimba. Kwetu ni kijiji cha ziwani, mbele ya Musoma, na yeye aliliacha jembe na nyavu akafuata jeshi. Vita vya Kagera vilipoanza wakapelekwa, yeye na wenzake. Waliporudi, watu wa Musoma walijipanga barabarani na majani mikononi, wanaimba. Mama alisimama mbele na kuku hai kwapani, anachungulia kila lori. Malori yalipita yote. Baadaye mwenzake mmoja alikuja nyumbani akasema mara ya mwisho walimwona akivuka mto ng'ambo ya mpaka, na tangu hapo haonekani. Mama aliling'ang'ania neno hilo kwa miaka. "Wamesema haonekani," alisema. "Hawakusema amekufa."

Ikaja ile miaka ya foleni. Sukari kwa ugawaji, sabuni hakuna, shati moja lina viraka vya mashati matatu. Ndipo nilipojifunza ushonaji. Katika miaka hiyo, watu wakifulia majani ya mpapai, mama alikuwa na kipande cha sabuni ndani ya sanduku. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Ni cha kaka, akirudi aoge.

Kwetu, mtu aliyekufa na mwili usipatikane, kama wale wanaomezwa na ziwa, huzikiwa mgomba. Unakatwa kwa urefu wake, unavishwa shuka, unaliliwa, unafukiwa, halafu watu wananyoa nywele na kuendelea kuishi. Bila hivyo msiba haujaanza, na usioanza hauishi. Lakini kuna upande wa pili wa mila hiyo, nao ndio mama alioushika: ukimzikia mgomba mtu aliye hai, huko aliko atakufa, wewe ndiye umemuua. Baba mkubwa alikuja mara mbili kuomba tumzike kijana. Mara ya pili mama alimtoa na mwiko wa ugali. Baba yetu alikufa naye hajamlilia mwanawe. Nami sikuwa nimemlilia. Nilipoanza kutokwa machozi, mama aliniuliza, "Unamlilia nani?" Nikayafuta. Sikutaka kingine duniani ila ruhusa ya kumlilia kaka yangu.

Mwaka ule wa mapazia mama aliumwa mguu, nikamleta kwangu awe karibu na hospitali. Alasiri moja, tukitoka kusafisha kidonda, nilimpitisha bandani nikamalizie kazi. Nilimketisha kwenye benchi la mbele. Mwenye banda akamsalimu shikamoo, akaweka kanda iliyofuata.

Katika kanda hiyo, yule kijana niliyekuwa namfuatilia alipotea. Mtambo wake ulipigwa, ukaenda ukizunguka kati ya nyota mpaka usionekane. Wenzake walimtafuta, wakakata tamaa, meli ikageuka. Huko kwao mama yake alikabidhiwa sanduku dogo. Akalifungua, akalifunga. Watu wakachimba kaburi.

"Maiti iko wapi?" mama aliuliza.

"Hakuna, mama," mwenye banda alisema. "Wamemtafuta, wamemkosa."

"Sasa wanazika nini?"

"Kofia yake."

"Na mamake amekubali?"

Mwenye banda alitazama runinga. "Naona amekubali. Si huyo analia."

Mama alisogea ukingoni mwa benchi, mikono magotini, akamtazama yule mwanamke wa kuchorwa mpaka picha ilipokatika. Tulipofika Nyasura alivua kanga ya kichwani, akaikunja, akasema kwa lugha yetu, "Yule mama amelia vizuri." Kisha akasema, "Mguu ukipona kidogo, nipeleke Butiama kwa baba yako mkubwa."

Tulikwenda Butiama kwa sababu migomba ya baba mkubwa ilikuwa mizuri. Ya kwetu ziwani mchanga huidumaza. Mzee hakuuliza swali. Alichukua panga, akachagua mgomba, akaweka alama.

"Ongeza," mama alisema.

"Shemeji, hapo atanizidi mimi."

"Alikuwaga anakuzidi."

Akaongeza. Tukaufunga kwenye shuka jeupe ambalo mama alikuwa amelifua kwa ile sabuni ya sandukuni, yote, mpaka ikaisha. Kwenye basi la Musoma, konda alitaka kuurusha juu ya keria pamoja na magodoro. "Huyo si mzigo," mama alimwambia, bila kupandisha sauti. Konda alitutazama, akaelewa, akawaomba watu wa kiti cha nyuma wasogee.

Tukamzika. Mzee wa kanisa alikuja akaongoza sala na kujifanya haoni kilichomo ndani ya shuka, Mungu ambariki. Mama alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akalia bila sauti. Nami nililia. Nilikuwa na machozi yangu ya tangu usichana, yote yalitoka siku ile, na nikalala usingizi ambao sijaupata tena.

Nilikuwa nimesharudi Bunda, nywele zimeanza kuota, mwenye banda aliponiita kwa furaha. "Dada, zimefika kanda zilizobaki."

Nilitazama mpaka ya mwisho. Vita vimekwisha. Mtu mwenye ndevu anashuka njiani na fimbo, anachechemea. Adui walikuwa wamemwokota kule gizani, wakamtibu, wakamfunga, wakamwachia. Ni yule kijana. Anafika kwao, anakuta kaburi lenye jina lake. Mama yake anatokea na ndoo ya maji.

"Alhamdulillahi," mwenye banda alisema. Halafu akanitazama, akakumbuka mazishi niliyomsimulia, akainuka haraka kuzima deki. Alikuwa amechelewa.

Nilimchukia mchoraji yule. Ningemjua aliko ningemwendea na mkasi wangu. Alimkabidhi mwanamke yule sanduku, akamliza, akamfanya mama yangu aamini, kumbe alikuwa anacheza. Nilipofika nyumbani nilikaa juu ya kiti cha cherehani nikiogopa, kwa sababu na mimi ni mtoto wa ziwani, na ile mila nimeinyonya. Je, kama naye aliokotwa? Je, kama alikuwa anachechemea mahali fulani, akaanguka ghafla siku ile tulipokuwa tunafukia? Nilimwambia mwenye banda, mama yangu akija, kanda ile asiiweke. Alinijibu, "Dada, kanda gani?"

Mama alikuja tena kuonyesha mguu. Alikuwa amenenepa kidogo, na nywele zake fupi zilikuwa nyeupe tupu. Nilimtandikia mkeka kibarazani, akawa anachambua mchele, anaongea habari za kijijini.

"Yule kijana wa kwenye video," alisema. "Yule waliyemzikia kofia. Ile hadithi iliishiaga wapi?"

Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Niliutunga mpaka ukapita.

"Iliishia pale pale, mama. Walimzika."

Aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. "Basi afadhali," alisema. "Na mamake akapumzika."

"Ndiyo, mama. Akapumzika."