Wambui amemshusha babake kwenye lori

Jamani, leo nimeona kitu hapa Nyeri na bado sijatulia.

Mnajua mimi hukodisha mahema na viti. Wambui ndiye msimamizi wangu. Babake, Mzee Kariuki, ndiye fundi wetu wa kusimamisha mahema, na hakuna anayemfikia.

Sheria yetu: ukija umelewa, hupandi lori.

Asubuhi tunatoka kwenda harusi Kerugoya, mzee akapanda akinuka pombe.

Vijana wetu wa kazi wote wakaangalia kando. Hata mimi! Nilijiambia, bila huyu mzee, bibi harusi atanyeshewa.

Wambui akasimama pale chini.

"Baba, naomba ushuke."

"Ati nishuke? Mimi baba yako?"

"Nyumbani wewe ni baba yangu. Hapa ukianguka kutoka juu ya hema, ni mimi nitaulizwa."

Wueh, nilitamani kujificha chini ya viti.

Mzee akashuka polepole. Akavua ovaroli, akampa bintiye. "Atakayevaa hii, mwambie aanze na kamba za upande wa upepo."

Tulihangaika huko, lakini hema la mwisho lilisimama maharusi wakiingia.

Tuliporudi jioni tulimkuta mzee stoo, pombe imemtoka, anaosha viti. Hakuna aliyemtuma.

Wambui akamletea chai, akampa kwa mikono miwili. Mzee akapokea, akawageukia vijana: "Huyu ndiye mkubwa wenu. Na wangu pia."

Semeni ukweli, nani hapa angeweza kumshusha babake?