Profoma Tatu na Mabati ya Shangazi

Shangazi yangu alisema mbele ya watu kwamba kunipa mimi pesa ni kumwagilia mchanga. Mjomba akaongeza kwamba mshahara wangu wa kwanza uliishia kwenye redio kaseti yenye spika nne, jambo ambalo ni kweli, na kwamba nikifika Ulaya nitanunua kila kitu chenye waya. Bosi wangu wa zamani pale stoo ya kiwanda, mtu mpole, alisema tu, "Tutaona." Halafu wote watatu wakanikopesha nauli.

Aliyejinyima zaidi ni shangazi. Mama yangu alikuwa kijumbe wa upatu wa akina mama wa mtaani kwetu Morogoro; ndiye aliyekusanya michango na kushika daftari. Mwezi ule zamu ya kupokea ilikuwa ya shangazi, naye alikuwa ameshampeleka fundi akapima paa lake: mabati arobaini. Mama akamwomba aniachie pesa ile.

"Mwaka mmoja tu, wifi yangu," alisema.

Shangazi akanitazama mimi, akatazama na cheti changu. "Stashahada ya ugavi," akasoma kwa sauti. "Yaani kuna chuo kinafundisha mtu kununua? Si hata mtoto mdogo anatumwa chumvi?"

Watu wakacheka. Akatoa pesa huku nao wakicheka.

Mwaka mmoja ukapita, na wa pili. Mshahara wangu wa kusafisha ofisi uliliwa na kodi ya chumba huko Walthamstow, Uingereza, ada ya kozi ya jioni na nauli za basi. Ndipo ikaja barua ya mama, mistari sita. Amemkabidhi shangazi daftari la upatu. Hakuna aliyemfukuza, aliandika. Ila kijumbe ambaye neno lake mwenyewe halijatimia atawadai wenzake kwa mdomo gani? Barua ile niliisoma mara moja. Sikuhitaji ya pili.

Nyumba yetu ya Walthamstow ilikuwa na wapangaji wanne na friji moja, nayo ikafa. Tukachanga, na kwa kuwa mimi peke yangu ndiye niliyesomea ununuzi, nikatumwa. Nilinunua kwenye duka kubwa la vyombo vya umeme, nikalipa, na nilipokuwa natoka nikaona bango ukutani. Nililisoma lote, hata maandishi madogo ya chini ambayo Waingereza wenyewe hawayasomi. Ukikuta bidhaa hiyohiyo kwa bei nafuu kwingine ndani ya siku ishirini na nane, leta ushahidi, tutakurudishia tofauti.

Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Duka linaahidi kwa maandishi kumrudishia mteja pesa, na watu wanalipita bango hilo wakisukuma matoroli!

Jumamosi nikaingia kazini kama nilivyofundishwa. Kila aliyepita chuoni kwetu anajua: hununui kitu cha ofisi bila profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka maduka matatu tofauti. Nikazunguka. Moja niliipata barabara kuu ya Walthamstow, nyingine mjini kati, na ya tatu Ilford, kwa Mhindi mmoja mzaliwa wa Mwanza aliyefurahi kusikia Kiswahili mpaka akanikalisha kwenye kiti.

"Profoma?" akauliza. "Bwana wee, miaka ishirini hapa hakuna mtu ameniomba profoma. Mhuri unataka pia?"

"Kama upo."

"Upo! Mke wangu alitaka kuutupa."

Friji ileile, pauni arobaini chini. Nikarudi duka la kwanza nimevaa tai. Nikampangia meneja karatasi zote tatu mezani, nikamweleza utaratibu. Akazisoma moja moja kwa adabu, akazitenga mbili.

"Hawa wawili wanauza ghali kuliko sisi," akasema. "Ahsante kwa kutuletea. Na huyu wa tatu, je, si labda amekosea? Wawili dhidi ya mmoja, bwana."

Nikaanza kueleza kwamba profoma tatu ni kwa ajili ya uwazi, kwamba mnunuzi mwaminifu haonyeshi moja tu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kukubali kwa kichwa, na ndivyo pauni arobaini zilivyozidi kuwa zake. Nilitoka mikono mitupu.

Mpangaji mwenzangu, Mkongomani wa Bukavu, nusura aanguke chini kwa kicheko. "Weye, Mutanzania! Ulienda ku vita, ukamupa adui bunduki mbili?"

"Ni utaratibu," nikasema.

"Utaratibu ya kwenu. Hapa apana kwenu."

Usiku huo nilifikiri sana, na sisemi hivi kwa kujisifu, lakini wengi wangekata tamaa. Mimi niliona kosa langu lilipo. Chuoni walinifundisha kununua kwa niaba ya ofisi, ambako lazima uthibitishe kwamba hukuiba. Pale dukani hakuna aliyenishuku wizi. Nilikuwa ninajitetea bila kushitakiwa.

Jumatatu nikarudi na karatasi moja, ya Ilford, yenye mhuri wa zambarau. Meneja akapiga simu kuhakikisha. Nilisikia sauti ya Mhindi wangu mpaka nje ya mkono wa simu: ndiyo, ipo, iko dirishani, njoo uinunue na wewe! Nikahesabiwa pauni arobaini mkononi. Wapangaji wakakubaliana kwamba nusu ni yangu.

Sasa nitasema jambo ambalo nimeona wengi wenye akili kuliko mimi hawalijui, ingawa si wengi walio hivyo. Mtu anaokoa pauni kumi dukani, anafurahi, halafu anapita kununua kuku wa kukaanga na viazi kwa sababu "leo nimeokoa." Huyo hajaokoa kitu, amebadilisha mahali pa kupotezea. Mimi nilinunua kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa mfuniko, na kila tofauti iliingia humo siku hiyohiyo, kabla sijavua koti. Nilijiambia kwamba pesa ile haijawahi kuwa yangu. Ni bati la shangazi.

Habari zikaenea kupitia kanisa la yule Mkongomani. Familia moja ya Thamesmead ilitaka mashine ya kufulia, nyingine jiko, nyingine televisheni. Wengi walikuwa na kazi za kutunza wazee, hawana nafasi ya kuzunguka, na mbele ya meneja Kiingereza kiliwakimbia. Mimi nilikwenda nao kila Jumamosi, na sharti langu lilikuwa moja: nisipopata tofauti hunilipi, nikipata, tunagawana nusu kwa nusu. Sikumbuki hata Jumamosi tano nilizorudi bure. Kuna duka ambalo wahudumu wakiniona mlangoni walimwita meneja kabla sijasema neno. Mtoto wa mama mmoja, aliyezaliwa hukohuko, alimwuliza mama yake kwa Kiingereza kama mimi ni mkaguzi wa serikali. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili, "Kaa kimya, umsikilize anavyoongea." Sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, na cheti ninacho.

Makopo yakafika saba. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikakata tiketi ya kurudi, na hiyo pia niliipata nafuu, lakini hiyo ni hadithi yake.

Nilifika Morogoro Alhamisi. Ijumaa sikwenda kumwona mtu. Nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi nikaomba profoma tatu za mabati. Jumapili upatu ulikutana uani kwa shangazi, chini ya paa lilelile lenye kutu. Mjomba nilimwalika, na bosi wangu wa zamani pia.

Nilianza na bosi, kisha mjomba, kila mmoja na chake na nyongeza juu yake. Mjomba akahesabu mara mbili. "Na redio umeleta?" akauliza.

"Sikuleta hata waya, mjomba."

Halafu nikamwendea shangazi. Nikamwekea pesa aliyonipa, shilingi kwa shilingi.

"Hii hata mabati ishirini hainunui siku hizi," akasema taratibu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anajua bei.

"Najua, shangazi." Nikatandaza profoma zote tatu mkekani, mihuri juu. "Uliniachia mabati arobaini. Bei imepanda, na tofauti ni juu yangu."

Akazitazama. "Unalipa kwa ipi? Hii ya bei ya chini?"

"Hiyo ya chini ni ya kununulia," nikasema. "Ya kulipia deni ni hii ya juu." Nikamhesabia mpaka bati la arobaini.

Shangazi akafunga pesa kwenye pindo la khanga, akachukua muda wake. "Kumbe na kulipa wanafundisha kwenye chuo hicho," akasema. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari la upatu, akampa mama yangu.

"Shika, wifi. Anza kukusanya."