Flashi za Wageni

Kompyuta yetu inakaa sebuleni, juu ya meza iliyokuwa ya cherehani, imefunikwa kitambaa alichofuma Mama. Baba mdogo ndiye aliyetuletea kutoka Biharamulo, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Hapa Murukulazo sijui nyumba nyingine yenye kompyuta, kwa hiyo haijawahi kuwa yetu peke yetu. Baba ni mwalimu wa kwaya ya kigango. Walimu wenzake huja na flashi zao, wengine kutoka Kanazi, wengine Rulenge, kuchukua nyimbo na kuacha nyimbo.

Mimi hukaa pembeni. Watu wakizidi watatu maneno yananikwama, hata shikamoo yangu hutoka kama nimeiazima kwa mtu. Lakini kompyuta naiweza. Ikikwama, Baba huita kwa sauti, "Fundi yuko wapi?" na fundi ni mimi. Napenda sana kuitwa hivyo, ingawa sijawahi kumwambia.

Humo ndani kulikuwa na nyimbo zake thelathini na nne. Alianza kuzitunga kabla sijazaliwa, kwenye daftari moja kubwa, nota kwa penseli. Likizo moja nilizichapa zote. Ilikuwa bahati, kwa sababu mvua zilipoanza mchwa walipanda ukutani wakalila lile daftari, likabaki jalada na udongo. Baba aliligeuzageuza, akasema, "Si zipo kwenye kompyuta?" Nikasema zipo. Akachukua jembe akaenda kwenye migomba. Hakuuliza tena. Mimi ndiye niliyebaki nikiwaza kwamba kazi yote ya maisha yake sasa iko ndani ya sanduku moja, na mlinzi wa sanduku ni antivairasi niliyoiweka mimi.

Na mlinzi mwenyewe alikuwa analala kazini.

Ile antivairasi ina alama ya ngao chini kwenye kona ya kioo. Ikiwa kijani, iko macho. Ikiwa nyekundu, imezimwa. Nikiiacha kijani Jumamosi, Jumatatu naikuta nyekundu. Nikaiwasha. Wiki ile ile ikazimika tena. Nikaomba simu ya Mama, nikaunganisha intaneti nikaisasisha, bando lote likaisha kabla Mama hajaongea na dada yake. Alininunia siku mbili. Nikaifuta kabisa, nikaiweka upya. Nikagundua saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi kwa sababu betri yake ndogo imekufa, nikafurahi, nikasema hapa ndipo penye ugonjwa. Nikarekebisha saa. Siku nne ilikuwa kijani. Siku ya tano, nyekundu.

Niliandika kwenye shajara yangu: "Labda inanichukia."

Halafu siku moja nilifungua folda ya Baba nikakuta nyimbo hazipo. Majina yalikuwepo yote, lakini kila jina lina kimshale kidogo pembeni, na ukibonyeza hakuna kitu. Nikachomeka flashi ya Baba, ambako nilikuwa nimeweka nakala. Vimshale vile vile. Baba alikuwa uani anachonga mpini, anaimba sauti ya pili ya wimbo wake mwenyewe, sauti ya kwanza hakuna.

Sikumwambia. Kesho yake baada ya masomo nilipita kwenye duka la uchapaji pale Rulenge, karibu na shule yetu. Fundi wa pale ni kaka mmoja mwenye haraka.

"Hiyo tunapiga windo upya," alisema bila kunitazama. "Inarudi mpya kabisa."

"Na vilivyomo?"

"Vinaondoka. Lakini inakuwa mpya, dada."

Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Kwa kawaida mimi ningesema asante nikaondoka, nikalie njiani. Nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Ni nyimbo za Baba. Daftari limeliwa na mchwa."

Akasimamisha mikono yake. "Umeona majina yana vimshale?"

"Ndiyo."

"Basi hazijafutika. Zimefichwa na kirusi. Mbona ulikuwa hausemi?" Akachana karatasi akaniandikia mstari mmoja wa amri, wenye herufi na mikwaju. "Andika hivi hivi, nafasi usiziruke. Halafu safisha kompyuta yote. Na flashi yoyote ikiingia, ipimwe kwanza. Kwenu mnapima?"

"Tunapima," nilisema, kwa sababu niliamini tunapima.

Niliuandika ule mstari mara tatu, mara mbili nikiukosea. Mara ya tatu nyimbo zilirudi moja moja. Nilizihesabu: thelathini na nne. Nikaiachia antivairasi isafishe kompyuta mchana kutwa. Ngao ikawa kijani. Flashi ya Baba sikuisafisha, alikuwa ameondoka nayo mfukoni.

Jumapili hiyo baada ya ibada akaja mgeni, katekista wa Kanazi, mzee mnene mcheshi ambaye akicheka kiti kinalia. Nilimsalimia, nikaenda kusimama mlango wa jikoni. Mama alileta chungu kidogo cha pombe ya ndizi na mrija. Baba akavuta kwanza, kama mwenye nyumba yeyote wa huku anavyofanya, mgeni aone kwamba kilichomo ni salama. Kisha akampa mgeni mrija ule ule. Mgeni akavuta.

"Sasa nijazie zile za Kwaresima," alisema, akitoa flashi kwenye soksi. Kweli kabisa, kwenye soksi.

Baba akasogea kwenye kompyuta. Na hapo, kwa macho yangu, nikamwona akipeleka kipanya kwenye kona, akabonyeza, akashuka, akabonyeza tena. Hakusoma hata neno. Mkono ulikuwa unaijua njia. Ngao ikawa nyekundu.

Kumbe ni Baba.

Nikaelewa yote mara moja. Ile antivairasi ikikamata kirusi hupiga king'ora na kutoa kidirisha chekundu katikati ya kioo. Baba alikuwa anawaonea aibu wageni. Kwetu huwezi kupokea mrija kutoka kwa mtu halafu ukaupangusa mbele yake. Ni kama umemwambia kinywa chake ni kichafu. Hiyo ngao kwake ilikuwa ni kitambaa cha kupangusia.

Flashi ya mgeni ilikuwa imebakiza vidole viwili kuingia. Nyimbo thelathini na nne. Nilitembea. Sijui nilitembeaje.

"Baba, subiri."

Wote wawili wakanigeukia.

"Hujaonja," nilisema.

"Nimeonja, wewe. Hukuona?"

"Siyo pombe. Kompyuta. Mwenye nyumba ndiye anaanza. Tuchomeke yako kwanza."

Baba aliniangalia. Alijua kwamba nimejua. Akatoa flashi yake mfukoni polepole, akanipa. Nikaiwasha ngao, nikachomeka.

King'ora kikalia mpaka kuku wakakimbia kutoka mlangoni. Virusi kumi na tisa.

Kisha kiti cha katekista kikaanza kulia.

"Kumi na tisa!" alisema, akifuta machozi. "Mwalimu! Kumbe mgonjwa ndiye mwenye hospitali! Na wiki iliyopita umeniingizia hivyo virusi kwenye flashi yangu!"

"Nilikuwa nakuheshimu," Baba alisema.

"Usiniheshimu tena hivyo. Haya, binti, na mimi nipime. Nikiwa na kumi na nane, nimemshinda baba yako."

Alikuwa na ishirini na mbili. Baba alicheka zaidi ya siku zote nilizowahi kumsikia, na mzee akadai vyote ni vya Baba vilivyozaa. Nilizisafisha flashi zote mbili, nikamjazia nyimbo za Kwaresima. Bila kuambiwa nikaweka na zile thelathini na nne, ili ziwepo na Kanazi pia, nyumba nyingine, mbali na mchwa wetu. Nilimwambia mzee azitunze, zisije zikapotea tena. Mzee akairudisha flashi kwenye soksi, akaipigapiga.

Alipoondoka, Baba alibaki amesimama mbele ya kioo.

"Zilikuwa zimepotea?" aliuliza.

"Siku mbili."

"Na hukusema."

"Na wewe hukusema unaizima."

Kisha akaketi, akaniomba nimfungulie wimbo wa kwanza, akausoma mpaka mwisho kimya kimya, midomo ikienda. Kwenye ubeti wa tatu akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa umekosea nota, Fundi," alisema. "Ni la, siyo so."

Nikairekebisha.