Nguzo ya Kumi na Tatu ya Kanisa la Mulambi

Papa yangu alisimama katikati ya misa, kule Buffalo, Amerika, akaanza kugonga nguzo za kanisa kwa fimbo.

Moja. Mbili. Tatu.

Watu wote wakageuka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alipogonga ya mwisho akaniangalia, macho yamejaa machozi. "Murhula, ya kumi na tatu iko wapi?"

"Papa, ziko kumi na mbili tu. Na hapa si Mulambi. Kaa basi."

Jamani, nilikuwa nimechoka. Ngojeni niwaeleze.

Mimi naishi Whitehall, Columbus. Napanga makartoni kwenye depo, masaa kumi kwa siku nimesimama. Mdogo wangu Salomon yuko Louisville. Papa, Mzee Zihindula, anakaa Buffalo kwa dada yetu Généreuse, na akili yake inaenda na kurudi. Mara anakuita kwa jina, mara anakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Kitinda mimba wetu, Shami, amebaki kambini Tanzania.

Papa alimwokota wakati wa vita, kitoto kichanga kabisa, akambatizisha kama binti yake. Damu yake si yetu, kwa hiyo kipimo cha damu hakitusaidii. Mwanasheria wa kesi ya kumleta Amerika alisema wazi: leteni karatasi ya zamani inayoonyesha kuwa Zihindula ni baba yake, la sivyo faili linafungwa mwisho wa mwezi.

Karatasi hiyo iko moja tu duniani. Iko ndani ya kitabu cha ubatizo cha kanisa la Mulambi, kijiji chetu cha mlimani, na vitabu vyote vilipotea vitani. Sakristani, mtunza vitu vya kanisa, wakati huo alikuwa Papa.

Donc Salomon akanipitia Columbus, tukaendesha masaa mengine matano hadi Buffalo kumuuliza.

"Papa, vitabu ulivifichaka wapi?"

Yeye? Kanisa tu. Kuanzia chai ya asubuhi ni kanisa.

"Wafaransa hawakutia chuma hata kimoja," anasema. "Matao yale ya mviringo, matofali yanashikana yenyewe. Ukuta ni upana wa mkono mzima. Baba yangu alibeba tofali kichwani kila Jumapili. Bila tofali, huingii katekisimu! Kengele ilitoka Ufaransa, ikapanda mlima wetu juu ya mabega ya watu. Na nguzo kumi na tatu."

"Kumi na mbili, Papa."

"Kumi na tatu."

Siku mbili hivyo. Kichwa kiliniuma.

Kwetu hata mtoto anajua hesabu hiyo. Mbelgiji ndiye alitutawala, lakini kanisa letu lilijengwa na mapadri Wafaransa, na kila nguzo waliipa mtume mmoja. Familia inakaa kwenye nguzo yake hadi leo. Sisi ni watu wa Andrea. Mtu wa Tomaso akija kukaa kwetu, kuna maneno siku hiyo. Sasa kwenye ya kumi na tatu angekaa nani?

Halafu mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha WhatsApp cha watu wa Mulambi walioko Amerika. Mwaka huu tulichanga ili kanisa lirudi kama Wafaransa walivyoliacha. Picha ya zamani ninayo, nimeikuza, nguzo nimezihesabu. Byamungu, katekista wetu kule, nilimkaza kabisa: "Usiguse kitu bila ruhusa yangu." Nilijiona mtu mkubwa, wallahi.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Ndiyo hiyo misa ya fimbo.

Tulimtoa nje tukamkalisha kwenye ngazi. Généreuse akamfuta machozi, akamuuliza swali ambalo sisi wanaume wawili hatukuwa tumeliuliza.

"Papa, hiyo ya kumi na tatu, nani aliijenga?"

"Mimi."

"Lini?"

"Askari walipokuwa wanakuja. Niliijenga nyuma ya sakristia, kile chumba padri anamovalia. Haishikilii kitu. Ndani nimeweka vitabu."

Salomon akashika kichwa. Généreuse akaruka, "Shami anakuja! Shami anakuja!"

Mimi nilikaa chini.

Nilikuwa nimekumbuka. Siku moja, niko kwenye mapumziko kazini, Byamungu aliniandikia: "Mwenyekiti, nyuma ya sakristia kuna nguzo haishikilii kitu. Kwenye picha yako haiko. Tuiache?"

Nilimjibu na mkate mdomoni. "Vunja. Wafaransa walijenga kumi na mbili."

Nikatoa simu. Chini ya jibu langu palikuwa na ujumbe wake wa sauti, dakika kumi na moja. Sikuwahi kuusikiliza. Byamungu anakusalimia mpaka kuku wako, na mimi nikitoka kazini nataka kulala tu.

Nikabonyeza. Wote tukasikiliza.

Salamu. Mvua. Goti la mke wake. Dakika ya tisa: "Bon, mwenyekiti, ndani ya ile nguzo tumekuta sanduku la bati. Nyundo imepasua kifuniko. Hatujaligusa, kama ulivyotukaza. Liko nje kwenye vifusi, tunangoja ruhusa yako."

Ujumbe ule ulikuwa na wiki saba. Wiki saba za mvua, na yule mtu wa utii anangoja.

Nilimpigia palepale. Alikwenda, akarudi anahema.

"Mwenyekiti, vitabu vimekuwa kama uji. Ukurasa mmoja tu umesalia. Unasomeka: Shami, binti wa Zihi... Halafu basi."

Akaukausha juani, tukautuma. Mwanasheria anasema atajaribu. Mwezi uliisha, faili halijafungwa wala halijasonga. Shami hajaambiwa ni nani aliyesema vunja. Akisoma hapa, anisamehe.

Papa nikimpigia ananiuliza kitu kimoja tu.

"Mliifungua?"

"Tuliifungua, Papa."

"Vitabu viko vikavu?"

"Viko vikavu."

Anacheka. Mimi narudi kwenye makartoni yangu.

Wewe mwenye mzee nyumbani, akikosea hesabu usimsahihishe kwanza. Muulize anahesabu nini.