Magunzi Yaliyomeza Rangi

Siku moja naikumbuka kuliko nipendavyo, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu huchemka upya. Nilikuwa msichana wa kuuza magunzi ya mahindi hapa Kitengela. Usicheke. Wakulima wa Illasit na Entarara, kule mpakani, walikuwa wakipukuchua mahindi na kutupa magunzi. Mimi nikayachukua kwa bei ya shukrani, nikayaleta kwa lori na kuyauza kwa kiwanda kimoja cha kutia rangi nguo. Asiye na mtaji hana budi kuwa na mdomo.

Kiwanda kilikuwa kikimwaga maji yake kijitoni, mekundu leo, samawati kesho. Ungetazama kijito tu ukajua shuka za rangi gani zinakuja sokoni. Wafugaji walilalamika mpaka kiwanda kikatishiwa kufungwa, ndipo wakubwa wakajenga matangi, wakasaga magunzi yangu, wakayajaza humo na kupitisha maji. Hasira yangu isinifanye niseme uongo: yalifanya kazi. Maji yaliingia kama damu, yakatoka ukaweza kuona vidole vyako chini yake.

Lakini ile rangi haikupaa mbinguni. Ilikaa ndani ya magunzi. Yakishashiba, vijana wa toroli waliyamwaga nje ya ukuta, upande wa malisho. Meneja alikuwa na jibu moja kwa kila aliyeuliza, kwamba hayo ni magunzi tu, kitu cha asili. Hata sumu ya nyoka ni ya asili, ila sijaona mtu akiitia kwenye uji.

Sasa, watia rangi hutumia chumvi nyingi ili rangi ishike kwenye kitambaa. Chumvi hiyo ilikauka juu ya rundo, nyeupe. Mbuzi akutane na magunzi yaliyosagwa yakatiwa na chumvi, angojee karamu gani tena? Mbuzi wa jirani yangu, mama mzee wa Kimaasai tuliyemwita Yeyo, yaani mama, walikula wakashiba. Wanne wakafa, wawili kati yao wakiwa na mimba. Mmoja alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na uji wa zambarau.

Nikamshika Yeyo mkono, tukaingia ofisini kwa meneja, wafugaji wengine wakibaki langoni. Alitaja bei ya mbuzi wanne. Nikamwambia mbuzi mwenye mimba huhesabiwa wawili, ahesabu tena. Akahesabu. Na maziwa je? Na watoto ambao wangezaliwa na hao watoto? Nilimkamua mpaka akafungua chupa ya maji ya dukani akanywa, maana ya kijito hakuwa na haja nayo. Bei ikapanda maradufu. Nikamgeukia Yeyo nikingojea sifa.

Alinitazama kama mtu anayetazama ndama akinyonya fahali.

"Binti yangu, unauza nini?"

"Si ni mbuzi wako, Yeyo?"

"Mbuzi wamekufa. Hawahitaji dalali. Rundo liko palepale, na mawingu unayaona. Mvua ikishuka, rangi mliyoitoa kwenye maji itarudi kwenye maji. Huyu akinilipa leo, amenunua ruhusa ya kuua waliobaki."

Meneja akasema mama achukue pesa aende, mambo ya rundo ni ya kitaalamu. Watu hawa wakikosa jibu hujificha nyuma ya utaalamu. Nikageukia dirisha. Lori langu lilikuwa langoni, limejaa magunzi mapya.

"Hakuna gunia litakaloshuka," nikamwambia. "Chimba shimo, lisakafie kwa saruji, liezeke, ndani ya ua wako. Gunia moja jipya likiingia, moja la zamani linakwenda shimoni, na mimi niko hapa nahesabu."

Akasema atanunua kwingine. Nikamwambia anunue, na awaeleze wafugaji waliojaa langoni kwa nini maji yatatoka mekundu tena mpaka apate magunzi mengine. Hakuwa mjinga, alikuwa mwizi tu, na mwizi anajua hesabu. Wakachimba. Mvua ilikuta sehemu ya rundo bado iko nje, na ile sehemu ikashuka kijitoni yote. Yeyo aliswaga mbuzi wake mbali msimu mzima kutafuta maji. Hilo sijawasamehe.

Sasa nasikia wewe na wenzako wa shule ya Laiser Hill mko na mradi wa kusafisha maji ya viwanda vya nguo kwa mbegu za mlonge, maganda ya ndizi na unga wa mbao. Nawapongeza. Takataka ikifanya kazi ya mtambo wa mamilioni, nani atakataa? Lakini nilikusikiliza mpaka mwisho, nikingoja useme ganda likishameza rangi linakwenda wapi. Hukusema. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Hawakusema autupe kwenye zizi la jirani.

Kwa hivyo shika haya. Uchafu haufi, huhama. Mtu akikuonyesha maji safi, mwambie akuonyeshe na alikouweka uchafu. Kitu kikiwa rahisi, uliza ni nani anayelipia masalio, maana mara nyingi ni mtu ambaye hakuitwa mkutanoni. Na usikubali kulipwa madhara ya jana huku ya kesho yamerundikwa nje ya ukuta.

Nenda na kazi yako, mwanangu. Enkai, Mungu wa akina Yeyo, akupe akili ndefu na mkono safi. Mifugo ya watu walio chini yako kijitoni inywe maji yaliyopita mikononi mwako, na asubuhi iamke yote.