Mkeka Wangu Wakati wa Ngoma

Nilizaliwa na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi kifuani yawe mazito kama uji uliolala. Pale kwetu Hombolo wengine walisema ni kifua kikuu, wengine nimerogwa, mpaka nilipofika miaka kumi na minne daktari wa mjini akapima chumvi ya jasho langu. Alimwambia mama nile vyakula vyenye mafuta, nimeze vidonge vya kusaidia kusaga chakula, niongezewe chumvi wakati wa joto, na nicheze mpaka nitoke jasho ili makohozi yang'oke.

Mama aliyashika yote isipokuwa la mwisho. Karanga zangu alizitwanga mwenyewe. Mlenda wangu aliutia chumvi mpaka wadogo zangu wakaukimbia. Lakini kwetu mgonjwa hatumwi hata maji, seuze kucheza, na aliogopa majirani wasije kusema anamchosha mtoto ili afe upesi. Wasichana wa rika langu walipobana ngoma mapajani wakaanza kupiga, wengine wakiruka, mimi nilitandikiwa mkeka kando na kufunikwa khanga miguuni, kama bibi harusi aliyekosa bwana. Mabega yalikuwa yakinicheza yenyewe.

Nilikuwa na hasira nyingi. Siku moja nilimwambia mama kuwa daktari alisema hiyo ndiyo dawa yangu. Hakunifokea, alilia.

"Mwanangu, nikikuona unahema nakosa nguvu. Kaa."

Nikakaa. Anayekufokea unaweza kubishana naye. Anayekulilia utamfanya nini? Nilikaa hivyo mpaka nikamaliza shule.

Mwaka huo nilipuliza kwenye mashine ya hospitali, tukaambiwa sehemu ya mapafu imekwisha kuharibika na haitarudi. Mtaalamu wa mazoezi akamuuliza mama ni mchezo gani niliokuwa nikiupenda.

Jioni ile mama aliazima ngoma kwa shangazi, akaibana mapajani, akaniita uani.

"Haya mwanangu, inuka."

Tangu hapo tunacheza kila jioni, majirani waseme watakavyo. Inanisaidia, nakohoa vizuri na usingizi naupata. Lakini najuta kwa ajili yetu sote wawili, kwa miaka ile ya mkekani tuliyopeana kwa mapenzi. Nikianza kuhema, mama hupunguza mapigo ili niweze kuumaliza wimbo. Bado sijaumaliza.